Chakula kinamkwama mume wangu, kamera ni baada ya siku 12: nifanye nini kabla ya majibu?

MamaKilembe (Kasese, Uganda)

Habari zenu nyote. Naomba majibu ya watu wanaoifahamu kazi hii, hasa wauguzi na watu wa maabara.

Mume wangu ana miaka 54. Tangu mwezi wa pili nyama na bundu (ugali wa muhogo) vinamkwama kifuani. Sasa hata wali haushuki bila maji. Uji na chai vinapita. Alikuwa na kilo 71, juzi mizani imesema 63. Ametibiwa alsa mara mbili: omeprazoli, kisha dawa za wadudu wa tumbo. Hakuna nafuu. Hospitali ya hapa imetuandikia rufaa kwenda Mbarara kupigwa kamera ya umio (njia ya chakula kutoka kooni) na tumbo, tarehe ni baada ya siku 12. Daktari hakutamka saratani, lakini neno hilo liko kwenye barua, na mume wangu amelisoma. Tangu siku ile hasemi.

Nataka kujua: nimlishe nini siku hizi 12? Tujiandaeje ili tusirudishwe bila kipimo? Kinyama (kile kipande kidogo kinachokatwa ndani ili kipimwe maabara) kikishatolewa kinakwenda wapi, mbona watu hukaa wiki nyingi bila majibu? Ndugu zake wanasema ukikata kinyama ugonjwa unasambaa, je ni kweli? Na huyu mtu aliyenyamaza, nimwambie nini?

SistaKamera

Pole, dada. Hali uliyoieleza, vigumu kwanza kisha vilaini, ndani ya miezi michache, na kilo 8 zimeondoka katika 71 (hiyo imepita asilimia 11), inahitaji kamera, si dozi ya tatu ya omeprazoli. Mmeelekezwa vizuri.

Lakini jibu bado halijulikani. Umio unaweza kubanwa na kovu la asidi, au kovu la mtu aliyewahi kumeza kitu cha kuunguza. Fangasi nao huzuia kumeza, ila hao huuma zaidi chakula kinapopita, na mara nyingi mdomoni kuna utando mweupe. Ipo pia akalasia, ambapo msuli wa mwisho wa umio haufunguki. Yenyewe huzuia maji na chakula kigumu vyote pamoja tangu mwanzo, na huenda polepole kwa miaka. Saratani ya umio ina mwendo wake: nyama na bundu, halafu wali, halafu uji. Kwa hiyo msimwambie mzee "si kitu", na msimzike pia. Kamera pamoja na kinyama ndivyo vitakavyokata shauri.

Sasa maandalizi. Karatasi mtakayopewa itasema asile kwa saa 6 hadi 8. Kwa mtu ambaye umio wake umebana, hiyo haitoshi. Chakula hukaa juu ya pale palipobana hata siku nzima, na daktari akiingiza kamera anakutana na wali badala ya kidonda. Kipimo kinaahirishwa, nanyi mmeshalipa nauli. Kibaya zaidi, chakula hicho kinaweza kurudi juu na kuingia mapafuni wakati amelegezwa na dawa. Basi siku mbili kabla ya kamera awe kwenye vimiminika tu: uji uliochujwa, maziwa, supu isiyo na kipande chochote. Usiku wa kuamkia kipimo, uji wa mwisho anywe kabla ya kulala. Baada ya hapo ni maji matupu, kidogokidogo, nayo yakome kipimo kikiwa kimebakiza saa mbili, au mapema zaidi kama kitengo chenyewe kimesema hivyo. Chai ya maziwa si maji, inahesabiwa kama chakula. Wengi hurudishwa nyumbani kwa kikombe kimoja cha chai ya asubuhi.

Waambieni mapema kama anatumia dawa za kisukari, aspirini au dawa yoyote ya kupunguza mgando wa damu. Msiziache wenyewe, waulizeni ni lini aziache na lini aanze tena. Waambieni pia kuhusu omeprazoli, kwa kuwa inaweza kutuliza uso wa kidonda na kukificha. Hiyo si sababu ya kuahirisha, daktari anapaswa tu kujua. Meno ya bandia yatolewe, jino linalolegea litajwe.

Kipimo chenyewe ni dakika 10 hadi 15. Hupuliziwa dawa ya ganzi kooni, hulazwa ubavu wa kushoto, huwekewa kishikilio cha plastiki katikati ya meno. Njia ya hewa haizibwi. Mwambie hivyo usiku uliotangulia kwa maneno machache: "Utapumua kwa pua, taratibu, mate yaache yatoke yenyewe." Wanaume wengi huogopa kuziba pumzi kuliko wanavyoogopa kibano cha kukatia kinyama. Akichomwa sindano ya usingizi mwepesi, asiendeshe boda wala asitie sahihi hati yoyote kwa saa 24, na lazima awe na mtu wa kumrudisha.

Akitoka, asinywe kitu mpaka ganzi iishe, kama saa moja hivi. Jaribuni kwa kijiko kimoja cha maji. Koo likiuma kidogo siku hiyo ni kawaida. Yasiyo ya kawaida: maumivu makali ya kifua au shingo, homa, shingo kuvimba na kutoa mlio kama wa kukwaruza ukiigusa, kutapika damu, choo cheusi kama lami. Likitokea mojawapo mrudi palepale, hata usiku.

Kuhusu ndugu: la, hakisambazi. Kibano huchukua vipande vidogo kama punje za mtama kutoka juu ya kidonda. Naelewa imani hiyo inakotoka. Mgonjwa huja amechelewa, kinyama kinatolewa, na baada ya miezi michache anazidiwa na ugonjwa uliokuwamo siku zote. Watu wanakikumbuka kinyama, miezi iliyotangulia hawaikumbuki.

Lishe_Bushenyi

Mama Kilembe, mimi nitakaa kwenye chakula tu, kwa sababu hapo ndipo mtu hupotelea kabla hata majibu hayajatoka. Akifika kwa daktari wa saratani hawezi kusimama, kuna matibabu hatapewa hata kama ugonjwa wenyewe ungeyakubali.

Fanya hesabu. Mtu wa kilo 63 anahitaji karibu kalori 30 kwa kila kilo, yaani kama 1,900 kwa siku. Kikombe cha uji mwepesi hakifiki 150. Vikombe vitano vya uji mtupu si hata nusu ya mahitaji: tumbo limejaa, kilo zinaendelea kuondoka, na nyumbani mnasema "lakini anakunywa vizuri". Usiongeze idadi ya vikombe, ongeza kilichomo kikombeni.

Shida ni kwamba uji ukiuongezea unga unakuwa mzito, naye hawezi kuumeza. Dawa yake ni kimea, unga uleule wa mtama au ulezi uliooteshwa ambao watu wa huku hutengenezea kinywaji cha bushera. Pika uji mzito, unga mara mbili ya ulivyozoea. Uepue, uache upoe kidogo mpaka usichemke tena lakini bado una moto. Tia kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kimea kwa kila lita, koroga, subiri dakika kumi. Utauona ukilegea na kuwa mwepesi huku nguvu yake imebaki. Urudishe jikoni uchemke tena dakika chache, kwa sababu unga wa kimea haujapikwa na una vijidudu. Ukitia kimea uji ukiwa bado unatokota, haulegei: joto linaua kile kinachoulegeza.

Kisha ongeza. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120. Karanga zilizosagwa laini kabisa, vijiko viwili, ni karibu 190. Yai moja ni kalori kama 70 na protini gramu 6. Lipige kwenye bakuli, limimine taratibu kwenye uji unaochemka huku unakoroga, uchemke dakika mbili au tatu. Yai bichi asipewe. Nusu lita ya maziwa yasiyotolewa mafuta ni karibu kalori 300. Parachichi lililoiva likipondwa ndani ya maziwa linapita vizuri sana. Kikombe cha uji chenye kijiko cha mafuta na vijiko viwili vya karanga kinakaribia kalori 460, hivyo vinne vya namna hiyo vinafikia siku nzima. Mafuta uanze na kijiko cha chai, upande baada ya siku mbili tatu, la sivyo ataharisha. Kila kitu pitisha kwenye kichujio cha chai. Chembe moja ya karanga inatosha kuziba.

Mpe mililita 200 hivi kila baada ya saa mbili au tatu, badala ya bakuli kubwa mara tatu. Akae wima anapokula na nusu saa baadaye. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, sentimita 15 hadi 20. Mito mitatu haifanyi kazi hiyo, humkunja tumbo. Uji uwe vuguvugu. Chai ya kuunguza ulimi iachwe sasa. Shirika la utafiti wa saratani la IARC mwaka 2016 liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, na hata tukiliacha hilo, umio wenye kidonda hauhitaji moto.

Mkate laini watu huona ni salama. Si salama, ukilowa unavimba na kuwa donge. Bundu na posho (ugali wa mahindi) ni vilevile. Dodo (mchicha) na sombe (kisamvu) vina nyuzi zinazoning'inia. Supu ya mifupa nayo inaaminiwa kupita kiasi: maji ya mifupa bila nyama iliyosagwa, maziwa au karanga humpa chumvi na joto tu.

Kitu kikikwama, asisukume kwa tonge jingine. Asimame au akae wima, atulie, anywe maji vuguvugu kwa vijiko. Akishindwa hata kumeza mate kwa saa kadhaa, ni hospitali, siku hiyohiyo.

Neno moja kwa wengine watakaosoma: kama mgonjwa amekaa siku tano au zaidi karibu bila chakula, msimjaze uji huu wa nguvu kwa ghafla. Mwili uliofungwa ukilishwa kwa pupa, fosfeti na potasiamu huanguka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Huyo aanzie hospitali, kidogokidogo, pamoja na vitamini B1.

MamaKilembe

Nashukuru sana. Kimea kipo sokoni hapa, naanza leo. Bado sijaelewa habari ya kinyama na majibu.

Vioo_na_Nta

Dada, mimi ni wa maabara ya patholojia. Kinyama kina safari yake, na karibu kila kinachoharibika huharibika saa ya kwanza.

Omba vipande visipungue sita. Katikati ya uvimbe mara nyingi ni tishu iliyokufa, na kipande kimoja kutoka hapo hakisemi kitu. Vipande vitoke pembezoni mwa kidonda pia. Daktari mzoefu anajua, lakini siku ya foleni ndefu si vibaya mke kuuliza kwa adabu, "Daktari, vipande vimetosha?"

Kinyama kinatiwa palepale kwenye fomalini (dawa ya kukihifadhi) ya asilimia 10. Hiyo hutengenezwa kwa sehemu moja ya fomalini kali na sehemu tisa za maji. Dawa iwe mara kumi ya ukubwa wa kinyama au zaidi. Wakati mwingine chupa ya fomalini imekwisha na mtu anatia kinyama kwenye maji ya dripu "kwa muda tu". Maji ya dripu hayahifadhi. Kinyama kinaoza, na joto letu linakiozesha haraka. Spiriti nayo hukikausha kikakunjamana. Kwa hiyo mkipiga simu kuuliza habari ya kamera, ulizeni pia, "Fomalini na vichupa vipo?" Kama havipo mtaambiwa mvinunue mapema.

Jina liandikwe kwenye mwili wa chupa. Kwenye kifuniko halifai, maana vifuniko hubadilishana. Fomu iwe na umri, mahali kinyama kilipotolewa (umio, sentimita ngapi kutoka kwenye meno), dalili na muda wake, na namba ya simu inayopatikana. Simu hiyo iwe yako wewe.

Kabla hamjaondoka ulizeni: nani anakipeleka maabara, na lini? Hapa ndipo wiki hupotea. Kinyama kinabaki juu ya kabati katika chumba cha kamera kwa sababu kila mtu alidhani mwingine amekipeleka, au familia ilidhani hospitali inakipeleka na hospitali ilidhani familia. Mkipewa mkipeleke wenyewe, kifungwe kisivuje, kisigandishwe kwenye friji, nanyi mpewe namba ya maabara kwa maandishi. Bila namba hiyo, mkipiga simu mtaambiwa "bado" hata na mtu ambaye hajatafuta.

Ndani ya maabara: kinakaa kwenye fomalini kwa saa kadhaa mpaka kiive, kinapitishwa kwenye mashine usiku, kinazikwa katika kipande cha nta, kinakatwa vipande vyembamba vya maikromita 3 hadi 5, kinatiwa rangi, kinasomwa. Kazi yote hiyo ni siku mbili hadi nne. Siku zinazozidi hapo ni foleni, kemikali zilizokwisha, au daktari wa patholojia mmoja anayesoma vya wilaya nyingi. Pigeni simu baada ya wiki moja, kisha kila baada ya siku tatu, kwa namba ile, bila ukali.

Jibu likija, someni mambo mawili: aina (ya seli bapa au ya seli za tezi) na ukali wake. Hatua ya ugonjwa haitakuwamo, hiyo hutoka kwenye siti skani ya kifua na tumbo. Likisema "tishu iliyovimba kwa kawaida tu" au "tishu iliyokufa", na daktari wa kamera alikuwa ameona uvimbe unaobana njia, msisherehekee na msirudi kwenye dawa za alsa. Huenda kipande hakikufika penyewe, kamera irudiwe. Naona familia zinapoteza miezi hapa, kwa karatasi iliyosomwa kama msamaha. Ndilo jambo linaloniumiza zaidi katika kazi hii.

Na mwisho: kipande cha nta na vioo (vile vya kusomea kinyama) visisahauliwe. Hospitali ya saratani mara nyingi hutaka kuvisoma upya. Ulizeni utaratibu wa kuviazima mapema.

Mratibu_Rufaa

Naongeza ya safari. Pigeni simu siku moja kabla: kamera inafanya kazi? Daktari yupo? Ondokeni Kasese siku iliyotangulia. Njia ya Katunguru na Ishaka mnaweza kuimaliza asubuhi, lakini mgonjwa asiyekula, kwenye taksi iliyojaa, anafika hana nguvu ya kulazwa ubavu. Bebeni barua ya rufaa, daftari la matibabu, kitambulisho cha taifa, majibu ya damu (wingi wa damu, figo, VVU), shuka, mkeka, beseni, chupa ya chai yenye uji wa baada ya kipimo. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu. Mtu mmoja tu awe na bahasha, asibadilishwe.

Tangu 2001 huduma katika hospitali za serikali, upande wa kawaida, hazilipiwi. Upande wa malipo upo. Ulizeni tarehe yenu ni ya upande gani, msishtukie mlangoni. Hata upande wa bure dawa au kifaa kinaweza kuwa kimekwisha, basi akiba iwepo. Nauli ya kurudia majibu wekeni pembeni leo, kwa jina lake, isije ikaliwa.

Jibu likiwa saratani, huduma ya saratani ipo Mbarara pia, na hospitali kuu ya saratani ni Uganda Cancer Institute pale Mulago, Kampala, iliyoanza 1967. Mtasikia watu wakisema Uganda haina mashine ya mionzi. Hiyo ni habari ya 2016, mashine pekee ilipoharibika. Nyingine ilizinduliwa mwanzoni mwa 2018 na zimeongezwa tangu hapo.

Hospisi_Magharibi

Mama, swali lako la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Mume wako amelisoma neno lile akiwa peke yake. Kunyamaza kwake kunaweza kuwa woga, na kunaweza pia kuwa anakulinda wewe. Usimvizie kwa hotuba. Chagua wakati mko pamoja mnafanya kitu, mnatembea kwenda shambani au unamnyoosha miguu, na useme jambo moja la kweli: "Nimeiona barua. Najua umeisoma. Sijui jibu, wewe pia hujui. Nitakuwa nawe chumbani siku ile." Halafu nyamaza. Akijibu kwa kuzungumzia ng'ombe, mzungumze ng'ombe. Mlango umeshafunguka, ataurudia mwenyewe.

Kabla ya kwenda Mbarara muulize swali moja zaidi: "Majibu yakija, unataka uambiwe wewe kwanza, tuambiwe pamoja, au niambiwe mimi?" Liandike jibu lake kwenye daftari na umwonyeshe daktari. Huku kwetu daktari humwita ndugu pembeni, ndugu anaamua kuficha, mgonjwa anaona macho ya watu na anajua, na kuanzia hapo kila mtu anaigiza nyumbani. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kujua habari za mwili wake. Ana haki pia ya kusema "sitaki kujua yote leo". Mheshimu kwa vyote viwili.

Mezani usimhesabie matonge. "Kula kidogo tu" ikisemwa mara kumi kwa siku inakuwa shtaka. Mwekee kikombe chake, kaa naye, zungumzeni. Wanaume wenye shida ya kumeza huanza kukwepa kula mbele ya watoto kwa aibu ya kutema. Mpe chombo chenye kifuniko na kitambaa, waambie watoto mara moja, kwa maneno mepesi, kwamba koo la baba linauma na tunakwenda kupimwa.

Ndugu wagawie kazi. Anayesema "ni uchawi" mpe kazi ya kutafuta nauli. Mtu mwenye kazi hupunguza maneno. Dawa za kienyeji usizigombanie kwa kelele. Mwombe mzee jambo moja lenye mwisho: hakuna kitu cha kuunguza wala cha unga mkavu kumezwa mpaka kamera ipite. Na kama ameshatumia, daktari aambiwe bila aibu.

Maumivu hayangoji majibu. Kama kifua kinauma na parasetamoli haitoshi, aombewe tathmini ya huduma ya tiba shufaa (ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa). Hospice Africa Uganda, iliyoanza 1993, ina tawi Mbarara, na nchini mwetu wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa maalumu wanaruhusiwa kuandika mofini ya maji. Kwa mtu asiyeweza kumeza vidonge, maji hayo ndiyo njia. Hutolewa kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana mofini hufunga choo kwa kila mtu. Kupewa mofini si hukumu ya kifo. Ni dawa ya maumivu.

Nawe mwenyewe: mtafute mtu mmoja wa kumwambia ukweli wote, na usiku mmoja kwa wiki mtu mwingine alale karibu na mgonjwa.

MamaKilembe

Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Niongeze kitu ambacho sikukiandika mwanzo. Tangu jana akinywa maji anapaliwa na kukohoa sana, na sauti imekuwa ya kukwaruza. Usiku alipata homa kidogo. Tarehe yetu bado siku 11. Tungoje?

SistaKamera

Msingoje, dada. Nendeni hospitali leo.

Kukohoa kila anapokunywa, pamoja na homa, kunaonyesha kwamba maji yanaingia mapafuni. Ama yanafurika kutoka pale palipobana, ama neva ya sauti imeguswa na koo halifungi vizuri, ama kuna tundu kati ya umio na njia ya hewa. Lolote kati ya hayo linaleta nimonia. Hapo Kasese wanaweza kumpiga eksirei ya kifua, kumwanzishia antibayotiki na maji ya mshipani. Mpaka aonwe, asinywe kitu akiwa amelala, na maji mepesi asipewe kwa sasa; kile kimiminika chepesi ndicho kinachompalia zaidi. Mdomo umlainishe kwa kitambaa kilicholowa.

Muombe daktari aiandike upya rufaa iwe ya dharura, ataje kupaliwa, sauti, homa na kilo 8, na apige simu mwenyewe kitengo cha kamera Mbarara. Simu ya daktari kwa daktari huleta tarehe karibu, ya ndugu mara nyingi haileti. Kama eksirei ya kumeza dawa nyeupe itapendekezwa, useme wazi kwamba anapaliwa, kwa sababu dawa hiyo ikiingia mapafuni ni balaa na kuna aina nyingine ya kutumia.

Ukifika tuandikie wamesema nini. Niko hapa mpaka usiku.